Picha ya Asubuhi Nzima

Kazi yangu ni kuwazuia watu wasitikisike. Wanaingia studio, nawakalisha kwenye stuli, nawaambia inua kidevu, shusha mabega, usipepese, halafu flashi inapiga na wanakuwa picha ya kitambulisho. Mtaani wananiita Usipepese. Kuna watoto wa jirani wanaodhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu, na sijajisumbua kuwasahihisha. Picha zangu ni safi, masikio yote mawili yanaonekana kama wanavyotaka wenye ofisi zao, na sijawahi kumwona mtu hata mmoja akiifurahia yake. "Dada, huyu kweli ni mimi?" wanauliza. Nawajibu ni wewe, ila umenyamaza.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wakati huo alikuwa kwenye kiwanda cha magunia, zamu ya usiku, maana mashine hazichomelewi huku zinazunguka. Yeye alitoka jioni kabla sijafunga studio, akarudi asubuhi wakati mimi najiandaa kwenda kuifungua. Tulionana kwa kitu kama nusu saa. Kitanda kimoja tulikilalia kwa kupokezana, kama walinzi wa ghala. Wifi yangu, dada yake, ni fundi cherehani na kibanda chake kimepakana na studio yangu. Alipenda kusema kwamba godoro letu halipati nafasi ya kupoa. Zamani nilicheka naye. Siku hizo nilikuwa namwambia ashone nguo za watu.

Nisiseme kwamba tuligombana. Nusu saa haitoshi kugombana. Mama yangu alinilea kwa methali moja tu, mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi niliishika kwa mikono miwili. Akiingia, nachemsha chai. Akinawa, napiga pasi. Akikaa mezani, nafagia, nakunja shuka, naosha sufuria ya jana, natafuta funguo ambazo hazijawahi kukaa mahali nilipoziweka. Kitu kimoja tu kilinikera katika nyumba ile. Meza yetu ina viti viwili, na kila asubuhi wakati wa kutoka nilikikuta kiti cha pili kimevutwa kimeachwa katikati ya njia. Nilikisukuma kwa nyonga kikarudi chini ya meza. "Nani anatoa viti hovyo humu ndani?" nasema, kama vile tulikuwa watu kumi. Yeye anakunywa chai yake.

Basi akapata kazi ya mbali. Kampuni moja ya kujenga madaraja ilitaka mchomeleaji mzoefu kwa mkataba wa miaka miwili, na mafundi walale kambini, bila wake zao. Aliniambia akiwa amesimama mlangoni anavua buti.

"Wanataka jibu mwisho wa mwezi," alisema.

"Basi fikiria."

"Nimefikiria."

"Basi ni wewe," nikasema, kwa sababu funguo nilikuwa nimeziona juu ya kabati. Nikatoka.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu juu ya miaka miwili. Sikutaka aende. Nilitaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hawezi kuniacha. Mtu mzima haombwi kubaki nyumbani kwake kama mgeni anayeaga mapema. Akitaka kwenda, aende, njia haina kufuli. Nilijiambia hivyo huku nafungua studio, na mteja wa kwanza nilimwambia ashushe mabega kwa sauti iliyomfanya ashushe na kichwa. Mchana nilikaa peke yangu nyuma ya pazia nikalia kidogo, kisha nikanawa uso, maana kulikuwa na foleni.

Ndipo nikagundua kwamba hatuna picha. Ya harusi tunayo, alitupiga mzee aliyenifundisha kazi, tumesimama wima kama nguzo za umeme. Tangu pale, mimi ninayepiga picha za mtaa mzima, sina hata moja tuliyomo wawili. Nikaamua kwamba kama ni kwenda ataenda, lakini ataniachia picha moja ya asubuhi yetu, mimi na yeye ndani ya nyumba yetu, bila kuambiana usipepese.

Ya kwanza niliipiga kwa kasi niliyoizoea. Ndani ya kamera kuna kilango kidogo tunakiita shata. Kinafunguka, mwanga unaingia, kinajifunga. Kikifunguka na kufunga haraka sana, hata tone la maji linaloanguka litasimama hewani. Nilitega kamera juu ya kabati ijifyatue yenyewe, na alipoingia ikapiga. Yeye alikuwa na mguu mmoja juu, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nageuka na sufuria mkononi. Kila kitu kikali, mpaka uzi uliotoka kwenye kola yake unauona.

Aliitazama akaguna. "Tunaonekana kama tunagombana."

"Hatugombani."

"Najua. Nasema tunaonekana."

Alisema kweli. Kasi ile inaua mwendo, na sisi tulikuwa mwendo mtupu. Ukimkata mtu katikati ya hatua, unabaki na mtu ambaye haendi wala haji. Nikaona nifanye kinyume, nipunguze kasi, niache kilango wazi nione mwanga utaandika nini.

Sikuwa nimecheza hivyo tangu niwe mtu mzima. Asubuhi ambazo wateja walichelewa, nilikwenda kibandani kwa wifi nikaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu mbele ya cherehani yake. Kwa sekunde moja, sindano ilitoweka na kitambaa kikawa maji yanayomiminika. Kwa sekunde kadhaa, mikono ya wifi ikawa moshi. Nilimpa tochi tukafunga mlango, akaizungusha gizani, na kwenye picha ikatoka duara la mwanga linaloning'inia bila mtu. Wifi alishangaa. "Mimi niko wapi?" aliuliza. Nikamwambia yuko humo, ila hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kamera imwone. "Basi kamera yako ina kiburi," akasema, akarudi kwenye pindo lake. Nikarudi studio na duara langu la mwanga, sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Jioni moja nilifunga mapema nikamfuata mume wangu kiwandani. Jua lilikuwa linazama, zamu yake ndiyo kwanza inaanza, na alikuwa uani anachomelea mguu wa mashine iliyotolewa nje. Mlinzi alinijua, akanipa stuli yake. Nikafungua kilango nikakiacha wazi wakati cheche zinaruka. Wenzake walikuwa wanapita nyuma yake na toroli, wanaitana, wanarushiana maneno juu ya fundi aliyefuatwa na mkewe mpaka kazini.

Nilipoitazama picha, cheche zilikuwa nyuzi ndefu, zimemwagika mpaka chini kama majani ya mwanga. Wale wenzake na toroli lao hawakuwamo kabisa. Uani palikuwa patupu. Lakini yeye alikuwamo, ameinama, mabega yake, magoti yake, mkono ulioshika kifaa, vyote vimetulia kama vimechorwa. Nilishangaa, kwa sababu kwa muda mrefu vile hata wateja wangu nikiwafunga kamba hawawezi kutulia.

Aliinua barakoa yake ya kuchomelea akaja kutazama. "Mkono ukitikisika, mshono unaharibika," alisema. "Wewe unawaambia watu wasipepese. Sisi hatuambiwi."

"Tatizo ni mchana," nikamwambia. "Nikiacha wazi muda mrefu nyumbani asubuhi, mwanga unaingia mwingi, picha inakuwa nyeupe tupu."

Alifikiri kidogo, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na kioo cheusi cha barakoa yake ya zamani. Ni kipande cha mstatili, ukikiinua dirishani huoni kitu. "Hiki mimi natazamia moto na sipofuki," alisema. "Asubuhi yetu haitakishinda." Alinishikisha, na vidole vyake vilikuwa vya moto. Nilitaka kusema neno pale pale. Mtu akamwita kutoka ndani, nami nikakumbuka sijanunua mkate.

Asubuhi ya siku ya jibu nilijiandaa kabla hajafika. Nilikifunga kile kioo mbele ya lenzi kwa mipira ya kufungia pesa, nikaziba pembeni kwa kitambaa cheusi cha wifi, nikaiweka kamera juu ya kabati ikitazama meza. Kwa kioo kile, kilango kingeweza kukaa wazi asubuhi yetu nzima, tangu aingie mpaka nitoke, na kila kitu kingetoka ndani ya picha moja. Niliposikia geti, nikafungua.

"Hiyo nayo ni nini?" aliuliza, akitazama juu ya kabati.

"Usiijali. Fanya kama siku zote."

Tukafanya kama siku zote. Alinawa, akakaa. Nilimwekea chai. Nikapiga pasi, nikafagia, nikakunja shuka, nikapita nyuma yake mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nilifurahi, maana nilijua kilango kiko wazi na kila ninachofanya kinaingia. Nilijiona kama moshi mwembamba nikimzunguka. Nilifikiri picha hiyo itasema kile ambacho mimi nilikuwa nashindwa.

"Leo wanataka jibu," alisema.

"Najua." Nilikuwa nafuta meza kuuzunguka mkono wake.

"Nitawapigia saa nne."

"Mkate uko kabatini, usilale na njaa."

Nilifunga kilango, nikachomoa kadi ya kamera, nikasukuma kiti kwa nyonga kikarudi chini ya meza, nikatoka.

Studioni nilimkalisha kijana aliyetaka picha ya leseni, nikamwambia asubiri kidogo, nikafungua ile picha kwenye kompyuta. Yote ilikuwa ya kijani, kwa sababu ya kioo, kama nyumba iliyo chini ya maji. Meza ilikuwa pale. Birika lilikuwa pale, kikombe, saa ya ukutani iliyopoteza mishale yake. Yeye alikuwa pale, kwenye kiti chake, mikono miwili mezani, imetulia kabisa. Nikajitafuta mimi. Nikatafuta mlangoni, kwenye meza ya pasi, nyuma ya bega lake. Hapakuwa na moshi wala kivuli. Asubuhi nzima nilikuwa mle ndani na kamera haikuniona hata mara moja.

Nilimwita wifi aje, sijui kwa nini. Alikuja na tepu ya kupimia shingoni, akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Kaka kakaa na nani hapa?"

"Na mimi."

"Wewe uko wapi?"

"Nilikuwepo."

Wifi hakucheka. Alisogeza uso karibu. "Mbona mwili wake umetulia hivi na uso una ukungu?"

Sikuwa nimeuona. Uso wake ulikuwa umefifia, si kama wa mtu aliyeondoka, bali kama wa mtu aliyekuwa anageuka taratibu, huku na huku, asubuhi nzima, anafuata kitu kwa macho. Nilikijua kitu chenyewe. Nilikaa chini kwenye stuli ambayo haikuwa yangu, ya mteja, naye akasimama kunipisha.

"Na hiki kiti," wifi akasema, akiweka kidole kwenye kompyuta, "alimtolea nani?"

Kiti cha pili kilikuwa mbele yake, kimevutwa, kimegeuzwa kidogo kuelekea kwake kama mtu anavyomgeuzia mwenzake akae. Kilionekana vizuri kuliko kitu chochote katika picha ile, kila ubao, kila msumari. Kiti hakikutikisika tangu alipokitoa. Na alikitoa kila siku, na kila siku mimi nilikisukuma kwa nyonga nikauliza nani anatoa viti hovyo.

Nilimwambia yule kijana arudi kesho. Akasema leseni inaisha muda leo. Nikamwambia basi na ahame mjini, na wifi akamshika mkono akamtoa nje kwa upole. Nilichomoa kadi, sikufunga vizuri. Nilitembea, kisha nikaona kutembea hakutoshi.

Alikuwa bado mezani. Simu ilikuwa mbele yake, imelala kifudifudi, na mkate haujaguswa. Alinitazama kama mtu aliyeona jua saa za usiku.

"Umewapigia?" nikauliza.

"Sasa hivi."

"Umesemaje?"

"Nimesema naja."

Nikavuta kile kiti mwenyewe. Miguu yake ilikwaruza sakafu, na yeye akaitazama, si mimi, aliitazama miguu ya kiti. Nikakaa. Kutoka pale nyumba yetu ilikuwa na sura nyingine. Sikuwa nimewahi kujua kwamba dirisha linaonekana lote.

"Kwa nini hukusema hutaki kwenda?" nikamwuliza.

"Ningesema saa ngapi?" Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa nakutolea kiti."

"Mimi ningejuaje kwamba kiti ni maneno?"

"Na mimi ningejuaje kwamba kufagia ni maneno?"

Mimi ninayewaamrisha watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, nilishika kiti kwa mikono miwili. Kisha nikalisema lile neno ambalo nilikuwa nimelikunja pamoja na shuka mwezi mzima. "Usiende."

Alifumba macho kidogo. "Sema tena."

"Usiende. Sitaki uende. Sikutaka tangu siku ya kwanza."

"Nimesikia," alisema. Akaigeuza simu, akaitazama, akairudisha. "Kulikuwa na fundi mwingine anangoja nafasi. Nimewaambia naja, wamempigia kumwambia imejaa. Ana watoto. Nimeshamkosesha kazi kwa neno langu, sasa siwezi kulirudisha."

Niliijua sura hiyo. Huyu ni mtu ambaye akishika mshono hauachi mpaka mwisho, na ndicho nilichompendea, na ndicho kilichonichoma pale. Nilitaka kusimama. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitambaa cha kufutia, sufuria, kitu chochote. Akaweka viganja vyake juu ya mikono yangu.

"Kaa," alisema. "Piga ile picha yako."

Nikairudisha kadi kwenye kamera nikafungua kilango, kisha nikarudi kitini. Hatukuambiana usipepese. Hatukusema mengi. Aliniambia kwamba chai yangu ina sukari nyingi, na kwamba ameinywa hivyo miaka yote kwa sababu ndiyo niliyomwekea. Nilimwambia sikujua. Akasema anajua kwamba sikujua. Jirani aligonga mlango akachoka akaondoka. Huo ndio ulikuwa muda mrefu zaidi tuliokaa pamoja tukiwa macho tangu alipoanza zamu ya usiku.

Aliondoka baada ya wiki. Barakoa alikwenda nayo, kioo cha zamani akaniachia. Picha ninayo ukutani studioni, na wateja wanaiuliza, maana ni ya kijani na haina ubora. Yeye ametulia. Mimi nimo, lakini nimetikisika, mabega yana kivuli mara mbili na uso wangu umelowa mwanga mahali palipokuwa na machozi. Hakuna ofisi duniani itakayoikubali. Nikiulizwa ni mimi kweli, nasema ndiyo.

Nyumba imekuwa kubwa. Kitanda kinapoa, wifi asiwe na wasiwasi. Mwanzoni niliendelea kuzunguka, nikafagia sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga, mpaka siku moja nikajikuta napiga pasi shati lake ambalo nililipiga pasi jana yake. Upweke hauzuiwi na ufagio, nimejaribu.

Anapiga simu asubuhi, saa ile ile aliyokuwa anaingia getini. Siku za kwanza nilipokea huku naosha vyombo, naye akasikia maji na sufuria akawa anasema atapiga baadaye. Sasa nafunga bomba mapema.

"Uko wapi?" aliniuliza asubuhi ya leo.

"Nimekaa."

"Kiti kipi?"

"Changu," nikamwambia. "Na chako nimekitoa."

Kisha, huko aliko, nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.